Kabureta Haikuzoea Presha: Pampu ya Petroli Baada ya Kung'oa Injeksheni

Anayeng'oa injeksheni, yaani mfumo wa kunyunyizia petroli kwa presha, kwenye gari la kale ili afunge kabureta huwa na maswali mengi, na karibu yote ni ya kabureta. Weber au Solex? Moja au tatu? Jeti namba ngapi? Pampu huja mwishoni, na wengine haiwajii akilini kabisa, maana ipo tayari: imefungwa chini ya gari karibu na tangi, ukiwasha swichi inalia, petroli inafika mbele. Kitu kinafanya kazi, ukiguse cha nini? Basi injini inapigwa stata, inawaka kwa kukohoa, moshi mweusi unatoka kwenye eksozi, na petroli inachuruzika kwenye midomo ya kabureta iliyotoka boksini jana. Aliyeiuza anatukanwa bure.

Pampu ile ilitengenezewa kazi nyingine. D-Jetronic, injeksheni ya Bosch iliyoingia sokoni mwaka 1967 kwenye Volkswagen 1600 na baadaye ikafungwa kwenye Porsche 914, hufanya kazi kwa takriban bar 2 (bar na psi ni vipimo vya presha). L-Jetronic iliyoifuata, ambayo Datsun 280Z ilikuja nayo mwaka 1975, iko karibu na bar 2.5. K-Jetronic, ambayo wenye Mercedes na Volvo za miaka ya 70 na 80 wanaijua vizuri, inafika kama bar 5. Triumph TR6 PI yenye injeksheni ya Lucas inawapita wote hao: karibu bar 7, yaani zaidi ya psi 100.

Sasa tazama kabureta zenyewe zinataka nini. Weber DCOE inaridhika na psi 2.5 hadi 3.5. Kabureta ya SU iko hapo hapo, psi 3 zinaitosha. Holley na Edelbrock za Kimarekani zina kifua zaidi, psi 5 hadi 6 hazizitishi, ingawa Edelbrock ukiipitisha psi 6.5 inaanza kuleta maneno. Na bar 1 ni psi 14.5. Piga hesabu uone: pampu ya 280Z inasukuma zaidi ya mara kumi ya kile ambacho Weber imeomba.

Fungua kifuniko cha kabureta uone huo msukumo unaenda kumkuta nani. Ndani kuna boya, mara nyingi la shaba nyepesi lenye hewa tupu tumboni. Petroli ikipanda kwenye bakuli, boya linapanda nayo, ulimi wake mdogo unaisukuma sindano juu, na ncha ya sindano inaziba tundu ambalo petroli inaingilia. Hakuna kingine. Hakuna kompyuta, hakuna sensa. Chukua tundu la milimita 2, ambalo ni la kawaida kabisa kwenye kabureta za aina hii. Kwa psi 3, petroli inaisukuma sindano ishuke kwa nguvu sawa na uzito wa gramu 6 au 7. Boya linaweza hilo bila shida. Kwa bar 2.5, tundu ni lile lile lakini nguvu imefika uzito wa gramu 80. Hapo boya linazama huku linajitahidi, sindano inabaki wazi, na petroli inapanda mpaka ipate njia ya kutokea.

Njia ya kwanza ni kooni, kwenda kwenye silinda. Plagi zinakuwa nyeusi na mbichi. Petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi za pistoni zinasugua chuma kikavu, na ile iliyobaki inateremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kuchanganyika na oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukakuta kiwango kimepanda na kinanuka petroli, usifurahi kwamba injini haili oili. Njia ya pili ni nje, juu ya eksozi manifoldi iliyokwisha kuwa nyekundu. Sina haja ya kueleza kinachofuata.

Ndiyo maana mimi huwa naanza kwenye sindano na kurudi nyuma kuelekea tangini. Sindano ndiyo mwenye nyumba. Pampu ni mgeni, na mgeni anakuja kwa masharti ya mwenye nyumba. Swali la "pampu gani nzuri" halina jibu mpaka ujue kabureta ipi na tundu la ukubwa gani.

Baada ya presha kuna ujazo, na hapa ndipo watu wengi wanapotia chumvi. Mtu anasikia injini yake ina nguvu ya farasi 150, anakwenda kununua pampu ya gari la mashindano. Injini ya kabureta ikikanyagwa hadi mwisho hula kama gramu 230 hadi 250 za petroli kwa kila farasi kwa saa. Farasi 150 ni chini ya kilo 38 kwa saa, na kwa kuwa lita ya petroli ina uzito wa takriban kilo 0.74, hizo ni kama lita 50 kwa saa. Gawanya kwa dakika: hata lita moja haifiki. Na hiyo ni kwa mguu uliobandikwa sakafuni saa nzima, jambo ambalo hakuna barabara inayokuruhusu. Pampu iliyoandikwa lita 100 kwa saa inatosha na inabaki. Nasema 100 badala ya 50 kwa sababu namba ya kwenye boksi hupimwa pampu ikimwaga hewani bila kizuizi. Ukishaifungia filta mbili, mita kadhaa za bomba na kona zake, namba hiyo inapungua sana.

Kuna namba nyingine ndogo ambayo sikuiona ikitajwa popote mpaka nilipoikokotoa mwenyewe: kuinua petroli mita moja kwenda juu kunakula takriban psi 1. Kwa mwenye injeksheni ya bar 3 hilo ni sawa na kupiga chafya. Kwa mwenye Weber na pampu ya psi 2.5, ambaye tangi lake liko chini na kabureta ziko juu ya injini ndefu, nusu mita ni sehemu ya tano ya alichonacho.

Tuje kwenye pampu zenyewe. Ya mekanika, ile inayofungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na kamshafti, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sijifichi. Injini ikizima, nayo imezima. Haina waya wala relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na kiwambo chake, ile ngozi nyembamba inayosukuma petroli, kikikaza dhidi ya sindano iliyofungwa, springi inanyamaza tu na kusubiri. Injini nyingi za injeksheni ni ndugu wa tumbo moja na injini za kabureta. 280Z ni mtoto wa 240Z, ambayo ilikuwa na kabureta mbili na pampu ya mekanika. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, angalia kama kuna bamba lililofungwa kwa bolti mbili mahali ambapo pampu ingekaa. Lifungue. Ukikuta kamshafti au gia yake ina mdomo wa kusukuma mkono wa pampu, au ina mahali pa kuufunga, umeokoa mambo mengi. Ukikuta pamezibwa kabisa, kubali yaishe, nenda kwenye za umeme. Na usidhani kwamba mekanika maana yake ni presha sahihi. Wenye Volkswagen za kupozwa kwa hewa wanajua kwamba pampu mpya za siku hizi hupitiliza, na dawa yake ni kuongeza gasketi chini ya pampu ili mkono usukumwe kwa kiasi kidogo kuliko ulivyokuwa ukisukumwa. Gasketi moja, pima. Nyingine, pima tena.

Za umeme ziko za makundi mawili kwa kazi yetu. Kuna zinazopiga: sumaku inavuta kiwambo au pistoni ndogo, springi inarudisha, tak-tak-tak. SU ndiyo mama yao, na Facet zile za umbo la kisanduku ni wajukuu. Uzuri wake ni kwamba springi ndiyo inayoamua presha. Bakuli likijaa na sindano ikifunga, springi haiwezi kusukuma zaidi, pampu inapunguza mwendo au inasimama. Ukiwa na SU unaweza kulijua gari lako kwa masikio: unawasha swichi, inapiga haraka haraka wakati mabakuli yanajaa, halafu inatulia, ikigonga mara moja moja. Ikiendelea kupiga kwa kasi bila kutulia, ama tangi limekauka na inavuta hewa, ama petroli inatoka mahali ambapo haikutakiwa kutoka. Zima swichi kwanza, ulize maswali baadaye.

Kundi la pili ni za kuzunguka, zenye mota na mapanga yanayosukuma petroli mfululizo. Carter na Holley wanazo. Zina ujazo mkubwa na zinavuma muda wote, na kwa V8 ya Kimarekani yenye kiu zinafaa. Lakini soma namba. Holley nyekundu inaishia psi 7 na inaweza kwenda na kabureta ya Holley bila msaada. Holley ya bluu inafika psi 14, hivyo lazima uiwekee regyuleta, kifaa cha kupunguza presha. Kwa macho tofauti yake ni rangi tu; kwa sindano ya kabureta hazina undugu.

Hapo kwenye regyuleta ndipo penye ubishi mkubwa. Wapo wanaosema: acha pampu ya injeksheni ilivyo, funga regyuleta mbele, ishushe hadi psi 3, mambo yaishe. Kwanza, regyuleta ya injeksheni yenyewe haiwezi kushuka huko. Springi yake imepimwa kwa bar, hata uilegeze vipi. Utahitaji ya kabureta, na hizo nyingi hufanya kazi kwa kuziba njia, hazina tundu la kurudisha petroli tangini. Sasa fikiria: nyuma kuna pampu inayosukuma bila kusimama, mbele kuna kiwambo chembamba kilichofunga mlango. Gari likiwa kwenye foleni, petroli inayotumika ni kidogo mno. Pampu inasukuma ukuta. Presha kwenye bomba inapanda mpaka vali ya usalama ndani ya pampu ifunguke, petroli inazungukia humo humo, inapata moto, na kiwambo kile kikivuja hata chembe, sindano inakutana na dhoruba yote. Sipendi mpango ambao kiwambo kimoja kikichoka moto unakuwa karibu. Ukitaka lazima kubaki na pampu hiyo, tumia regyuleta yenye njia ya kurudi, iliyotengenezwa kwa presha ya kabureta, na bomba la kurudishia lililo pana vya kutosha. Ukishanunua hivyo vyote, bei ya pampu sahihi ingekuwa imelipika.

Regyuleta ina mahali pake halali: pampu ya psi 5 au 6 mbele ya Weber, ambapo kazi yake ni kupunguza kidogo tu. Hata hapo angalia kipimo chake. Holley wana moja ya psi 1 hadi 4 na nyingine ya psi 4.5 hadi 9, na kwa macho zinafanana. Mtu wa Weber aliyechukua hiyo ya pili atakaza na kulegeza skrubu mpaka jioni, na hatafika psi 3.

Bomba la kurudi, ambalo gari la injeksheni linalo tayari, msiliondoe. Watu huliziba kwa sababu kabureta "haihitaji". Kwa presha ya bar 3 petroli haichemki kirahisi. Ukiishusha hadi psi 3 kwenye boneti lenye joto, na petroli ya leo inayogeuka mvuke upesi, bomba linajaa mapovu na gari linazima ukisimama kidogo baada ya safari ndefu. Filta yenye midomo mitatu, wa tatu ukiwa na tundu dogo la milimita moja na nusu hivi, inarudisha petroli kidogo tangini muda wote. Mapovu yanaondoka nayo, na petroli mpya ya baridi inafika. Hakikisha tu kwamba tundu hilo ni dogo, la sivyo kabureta itabaki na njaa.

Pampu ikae wapi? Nyuma, karibu na tangi, na chini ya kiwango cha petroli ikiwezekana. Pampu hizi ni hodari wa kusukuma na wavivu wa kuvuta, na kuvuta ndiko kunakozaa mvuke. Mdomo wa kutokea uelekee juu. Filta ya matundu mapana iwe kabla ya pampu, ya matundu membamba baada yake. Ukiweka ya matundu membamba kabla ya pampu, unailazimisha pampu ivute kupitia pazia. Ifungwe juu ya mpira, vinginevyo utaisikia kwenye kiti. Kama pampu ya zamani ilikuwa ndani ya tangi, itoe na uweke bomba tupu la kunyonyea. Kuna wanaoiacha ikiwa imekatwa umeme na kutegemea pampu mpya ivute kupitia tumbo lake. Haipiti. Ile imeumbwa kuzuia petroli isirudi wala isipite ovyo.

Umeme sasa, na hapa naomba utulie kidogo. Kwenye L-Jetronic, ndani ya kipima hewa kulikuwa na swichi iliyokuwa ikifungua pampu pale tu hewa ilipokuwa inaingia kwenye injini. Injini ikizima barabarani, gari likipinduka, hewa inakoma na pampu inakata. Umekitoa kipima hewa, umekitupa pamoja na hiyo kazi. Ukiiunga pampu mpya moja kwa moja kwenye swichi ya funguo, umetengeneza gari ambalo likigongwa na bomba likakatika, pampu itaendelea kumwaga petroli mpaka mtu azime swichi, na huenda mtu huyo hana fahamu.

Suluhisho ni relei inayosikiliza mapigo ya koili, ile inayozipa plagi cheche: injini inazunguka, pampu inafanya kazi, mapigo yakikoma, sekunde moja au mbili, imekata. K-Jetronic nyingi za miaka ya 80 zinayo tayari, kwa hiyo usiitupe pamoja na takataka nyingine. Njia nyingine ni swichi ya presha ya oili, ambayo inahitaji waya wa ziada kutoka kwenye stata ili pampu ijaze mabakuli kabla oili haijapanda. Zote mbili ni nzuri. Swichi inayokata kwa mshtuko wa kugongwa ni nyongeza inayofaa, na fyuzi yenye ukubwa unaolingana na pampu si jambo la kujadili.

Hosi nitazipitia haraka. Nunua zilizoandikwa SAE J30 R9 ubavuni, alama ya kiwango cha hosi za injeksheni, hata kama presha yako ni ndogo. Zinastahimili ethanoli iliyomo kwenye petroli nyingi za sasa, ambayo inaozesha mpira wa zamani kutoka ndani. Uliza pia kama kiwambo cha pampu yako kinaimudu, hasa kama umeipata pampu ya zamani ambayo haijafunguliwa boksi kwa miaka mingi.

Mwisho pima. Geji ya psi 0 hadi 15, siyo ile ya 0 hadi 100 ambayo psi 3 inaonekana kama sindano imepata kikohozi. Iunge kwa kiungo cha T kati ya regyuleta na kabureta. Kama relei yako inasubiri mapigo ya koili, irukie kwa waya kwa muda wa kipimo. Washa pampu injini ikiwa imezimwa: mabakuli yakishajaa, unachosoma ndiyo presha ya juu kabisa ambayo sindano itawahi kuiona. Kama umeahidi Weber psi 3 na hapa unaona 5, rudi kwenye regyuleta kabla ya kugusa stata. Kisha endesha, panda mlima kwa gia kubwa, mguu chini, na mtu mwingine asome geji. Ikishuka hadi psi 1 na injini ikaanza kukata, presha yako ni sahihi ila ujazo hautoshi.

Basi pima ujazo. Nje, mbali na cheche yoyote, koili ikiwa imetolewa waya na kizima moto kiko mkononi mwa mtu, siyo ndani ya nyumba. Toa hosi kwenye kabureta, ielekeze kwenye chombo chenye alama, washa pampu kwa nusu dakika. Kwa injini ya farasi 150 nataka nione zaidi ya nusu lita. Ikitoka chini ya hapo, usikimbilie kununua pampu nyingine. Fungua kifuniko cha tangi, upime tena. Pampu ya bar 3 ilikuwa na nguvu ya kuvuta hata tundu la hewa la tangi likiwa limeziba kwa miaka, na hii mpya ya psi 3 haina ubavu huo. Chombo kikijaa safari hii, shida ilikuwa kifuniko. Kisipojaa, shuka chini uangalie wavu wa kunyonyea ndani ya tangi, halafu filta ya kwanza, kwa mpangilio huo.